Paa Lililotulia

Kinuyo alikuwa na jibu moja kwa wote waliomtaka ateremke akakae mjini, kuanzia mwanawe Kunihiro hadi watu wa ofisi ya kata: "Nitashuka siku nitakayouona mlima huu ukitembea, tena kwa macho yangu haya mawili." Watu wa bonde la Iya, huko Japani, wanajua kwamba milima yao hujongea kidogo kidogo kila mwaka. Wanajua hivyo hivyo tu, kama mtu anavyojua kwamba nywele zake zinaota.

Asubuhi ile hata hivyo hakuwa na habari na mlima. Shida yake ilikuwa kioo cha kompyuta.

"Kina mzuka," alimwambia fundi Hamada, mama wa miaka arobaini na kitu aliyekuja kutoka mjini na kigari chake cheupe. "Tangu mvua za mwezi wa sita naona mistari miwili miwili. Tumbili wanamaliza viazi vyangu, nami niko hapa nakodoa macho, sijui lipi jani lipi mkia."

"Wewe piga kelele tu, bibi. Jani halitajali."

Kompyuta mpakato ile ilikuwa imekaa juu ya meza ya jikoni miaka mitatu bila kufunikwa, ikionyesha picha moja tu, ya kamera iliyofungwa kwenye nguzo kule juu, mwisho wa shamba. Upande wa chini wa picha viazi, kisha paa la nyumba yake, na ng'ambo ya mto mlima wa pili na nyumba tatu za majirani.

Hamada aliondoa picha ya kamera, akaweka rangi ya kijivu tupu. Kinuyo akashika mdomo. Mlima ulikuwa bado upo! Umefifia kama alama ya bakuli la moto juu ya meza, lakini upo, na paa lipo, na nguzo za umeme.

"Picha moja ikikaa miaka, kioo kinaungua," Hamada alisema. "Hakitibiki hicho. Ninacho kipya garini, kazi ya nusu saa. Au ukivumilie, maana kompyuta yenyewe ni nzima."

Kinuyo alijikuna shingo. "Nikivumilia, watakula hadi sufuria. Badilisha."

Fundi akatoa bisibisi, akarudisha picha ya kamera aitazame mara ya mwisho. Mkono ukamsimama hewani.

"Bibi, kamera umeigusa siku za karibuni?"

"Niipandie na magoti gani?"

"Hebu njoo uone. Kivuli hiki cha picha ya zamani hakiwezi kutembea, kimeungulia palepale. Lakini mlima wa ng'ambo umekiacha kivuli chake, upana wa kidole kizima."

Kinuyo alivaa miwani. Kweli. Kilele, nyumba tatu, nguzo za umeme, kila kimoja kilisimama pembeni ya kivuli chake. Akashuka na kidole hadi kwenye paa lake. Hapo mstari ulilala juu ya mstari, haukuachana hata unywele.

Akapiga meza kwa kicheko. "Mwiteni Kunihiro aje aone! Ng'ambo yote imehama, nyumba ya Kinuyo imetulia tuli!"

Hamada hakucheka. Kikombe chake cha chai ya shayiri kilikuwa kinapoa.

"Bibi, mlima mzima na nyumba tatu haviwezi kuhama pamoja, sawasawa, kama vimepangwa foleni. Kilichohama ni kamera."

"Basi nguzo imelegea."

"Ingelegea nguzo peke yake, paa lako nalo lingeachana na kivuli chake."

Kinuyo alilitazama tena lile paa lililotulia. Taratibu, kicheko kikamtoka usoni. Kamera na paa vilikuwa vimesafiri pamoja, na katikati yake viazi, na jiko, na meza hii waliyoiegemea.

Walipanda juu. Nguzo ilikuwa imara kwenye ukuta wake wa mawe. Nyuma ya ukuta, ndani ya nyasi, ardhi ilikuwa imefunguka ufa mrefu. Kinuyo, aliyesema hana magoti, alipiga magoti, akatia mkono hadi begani. Hewa baridi ikampuliza vidole. Chini kabisa maji yalikuwa yanapita, mengi, bila haraka.

Alijisikia kama siku ile utotoni, babake alipompandisha mgongoni mwa ng'ombe aliyelala, na yule ng'ombe akainuka.

"Miaka sabini na sita," alinong'ona, "nimekukalia mgongoni nikidhani wewe ni sakafu." Akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa nyasi.

Hamada alikuwa tayari ameshapiga simu kata. "Wanasema tuondoke sasa hivi, bibi. Na kile kioo?"

"Usikiguse! Nakwenda nacho hivyo hivyo, nao wakione."

Aliingia garini, kompyuta mapajani, akampigia mwanawe.

"Kunihiro, niandalie chumba. Nimeuona."

"Umeona nini, mama?"

Kinuyo alikuwa amemgeukia Hamada, aliyekuwa ameshika mlango wa gari.

"Ufunge polepole, mwanangu," alisema. "Polepole sana."