Jina Lililomnyamazisha Mwanangu

Mimi Benedikta ni Mkatoliki wa Mbinga. Nilipopata kazi ya maabara kwenye zahanati moja ya Bariadi, nilijiona nimebahatika kupanga kwa Martha Kabula, kiongozi wa akina mama wa jumuiya, rozari haimtoki shingoni. Uani kwake kulikuwa na kijumba cha nyasi kisichozidi kimo cha goti. Nikadhani ni banda, nikamwuliza kuku wako wapi. Hakucheka. Alisema pale wanakaa wakwe zake, na wote walikwisha kufa.

Lakini nani anamhoji mama mwenye nyumba? Mume wangu Januarius alikuwa machimboni Geita, nami nilikuwa na kichanga kilicholia kutwa. Hakikuwa kilio cha njaa. Alilia amekaza macho uani, mpaka sauti inamkauka. Nilimpima damu mwenyewe, sikuona kitu.

Mchana mmoja Martha alimpokea, akaketi naye kando ya kijumba, akaanza kumwita majina ya marehemu wao, taratibu. Alinieleza kuwa kwao mtoto akilia hivyo anadai jina lake. Nilicheka kimoyomoyo. Alipotaja Ndalahwa, jina la baba mkwe wake, mwanangu alikata kilio. Martha akamvalisha shanga nyeupe mkononi, akanipa unga wa mtama niunyunyize mlangoni pa kijumba. Nikaunyunyiza. Jamani, nilikuwa nimechoka. Angeniambia nisimame kwa kichwa ningesimama. Nikasema wabeja, asante ya Kisukuma niliyojifunza sokoni, nikaingia ndani nikalala fofofo.

Tangu hapo Martha alikuwa akipiga goti kumsalimia mtoto, akimwita guku, yaani babu. Nilidhani ni utani wa wazee na vichanga, hata kwetu upo. Kisha akaja shemeji yake kutoka Mwamapalala, Mzee Luhende, akiswaga mtamba mweupe. Alimfunga mtamba kwenye nguzo, akavua kofia mbele ya mwanangu, akasema mtamba huyo ni wa baba yake, Mzee Ndalahwa.

Nilimwambia kwa heshima kwamba baba wa mtoto yuko Geita, na mtoto atabatizwa Method.

"Akiacha kunyonya mtamleta nyumbani," alisema, kana kwamba sikusema neno.

"Mzee, huyu si wa ukoo wenu."

"Sisi hatukukulazimisha, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Unga uliumwaga kwa mkono wako. Ukaitikia wabeja."

Niliogopa. Sisemi nilishtuka, niliogopa, kwa sababu alikuwa mpole. Nikamwambia nitahama. Akaitikia kwa kichwa, akasema naweza kuhama hata kesho, ila Ndalahwa ameshafika.

Alipoondoka nilikata zile shanga kwa mkasi. Martha aliniona, akaendelea kupepeta mchele wake. Mtoto hakulia. Alifunga mdomo tu. Nikimpa titi anageuza uso, maziwa ya kijiko anayaacha yatiririke shavuni. Hospitalini daktari alimchunguza, akasema hana ugonjwa anaouona, akamlaza na kumwekea mpira wa puani wa kumlishia. Januarius alipofika kutoka Geita, mwanetu alikuwa mwepesi mikononi kuliko kanga niliyomfunika.

Tukaomba ruhusa wodini ili abatizwe haraka. Nilitegemea maji ya baraka yatamaliza mambo yote, nilitegemea kwa moyo wangu wote. Kanisani Martha alikuwa kwenye benchi la mbele, amevaa sare ya akina mama. Nyuma yake Mzee Luhende na wazee wa Mwamapalala, kofia magotini.

Padri aliuliza tumempa mtoto jina gani. Januarius alinigeukia, tulikubaliana nijibu mimi. Nilimtazama mwanangu. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yake yalinitazama bila haraka, macho ya mtu mzima anayesubiri.

"Ndalahwa," nikasema.

Januarius akaniuliza kwa sauti ya chini nimesema nini. Kabla sijamjibu, mtoto aligeuza uso kifuani kwangu, akaanza kutafuta titi. Nikafungua gauni pale pale mbele ya altare. Akanyonya kwa nguvu mpaka ikaniuma, nami nikalia kwa furaha na kwa hofu, sijui kipi kilizidi.

Nyuma yetu wazee walisimama wote. Mzee Luhende akasogea, hakunigusa, akamwinamia mtoto kwanza, ndipo akanigeukia.

"Wabeja, mayu," akasema, kama mtu anavyomshukuru yaya.