Kadi ya Zdravko na Mtindi wa Bibi Stoyna

Zdravko alirudi kutoka zamu ya alfajiri saa nane mchana, mgongo umekufa kwa kupanga maboksi ya mafuta ya alizeti ghalani, akamkuta bibi yake ameshakaa chumbani kwake, kiti kimesogezwa hadi kwenye kompyuta, blanketi magotini.

"Washa," Bibi Stoyna akasema. "Weka ile ya farasi. Ile ya karata uliyocheza juzi haina moto kabisa."

Ndiyo maisha ya ghorofa ya tano hapo mjini Pernik wakati wa baridi. Vyuma vya joto vya ukutani, vinavyopashwa na maji ya moto ya kampuni ya joto, vilifungwa na kutiwa lakiri miaka minne iliyopita, bili ilipowashinda. Bili ya mabomba yanayopita tu ukutani kwenda kwa jirani bado inakuja kila mwezi, utadhani bomba likipita linakusalimia. Hita wanayo, inakusanya vumbi, maana ikiwashwa inakula umeme kama ina mimba. Kwa hiyo chumba chenye uhai ni kimoja tu, cha Zdravko. Kadi yake ya picha, kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora gemu, ina miaka minane. Inanguruma, inapuliza hewa ya moto, na pale nyuma inapopulizia bibi huweka mtungi wa maziwa. Jioni ni mtindi. Jengo zima hakuna mwenye mtindi mzito kama ule.

Na leo Zdravko alikuwa anaiuza.

Miaka mitatu amekuwa akijiuliza anunue mpya lini. Kwanza walimwambia subiri, zikitoka za kisasa zaidi hizi zitashuka bei. Zikatoka, na hizi zikapanda. Akasubiri punguzo la Novemba. Duka likapandisha bei Oktoba ili Novemba lipate cha kupunguza. Sasa pale karibu na stesheni imebaki moja, leva mia tano na tisini, na kwenye kioo wamebandika karatasi kwamba Jumatatu itakuwa mia saba. Yeye ana mia nne na hamsini. Svilen, mwenzake wa ghalani, atakuja saa kumi kuchukua ya zamani kwa mia moja na arobaini. Inatosha, na hakibaki hata cha tiketi ya basi.

"Mpya haina kelele, bibi. Inakula nusu ya umeme."

"Na moto?"

"Moto haina."

Bibi aliugeuza mtungi kidogo. "Afadhali," akasema. "Masikio yangu yatapumzika."

Saa tisa mlango ukagongwa. Alikuwa Gatev, mkaguzi wa kampuni ya joto, folda kwapani. Bibi alimvua viatu, akampa ndara za marehemu mumewe. Gatev akagusa lakiri za jikoni na sebuleni, zote nzima. Alipoingia kwa Zdravko akasimama, akatoa kipimajoto.

"Sebuleni digrii kumi na moja. Huku ishirini na moja. Mnaiba joto."

"Ni kompyuta, mkuu."

"Kompyuta."

"Kaa uone."

Gatev akakaa kitandani, koti mwilini. Zdravko akacheza gemu ya farasi mbele yake, kama yuko mbele ya serikali. Dakika ya kumi Gatev alifungua vifungo vya koti. Dakika ya ishirini akasema, "Kuna mtu kushoto, nyuma ya zizi."

"Nimemwona."

"Hujamwona. Ungekuwa umeshampiga."

Nusu saa ilipotimia kipimajoto kilisoma ishirini na tatu. Gatev aliamuru kompyuta izimwe na ifunguliwe, akanakili namba kutoka kwenye kibandiko cha kadi.

"Nimeandika chanzo cha joto ni kifaa hiki. Narudi tarehe thelathini na moja Machi kuhakiki. Nikikuta hakipo, maana yake joto mlilitoa kwenye bomba, na mtalipa msimu mzima wa baridi."

"Mkuu, nakiuza leo. Saa kumi."

"Usikiuze."

"Jumatatu bei inapanda."

"Kijana, mimi sipangi bei. Mimi nahakiki. Saini hapa."

"Andika na mtindi," bibi akasema.

"Fomu haina nafasi ya mtindi, mama."

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Zdravko alibaki ameshika nakala ya fomu. Bibi aliinama kwenye kompyuta iliyo wazi na, kwa ukucha, taratibu, akabandua kile kibandiko. Akavuta droo, akatoa mashine yake ya kukaushia nywele, akakibandika ubavuni.

"Kifaa hiki hapa. Akija Machi namkaushia zile nywele tatu alizobaki nazo. Wewe mpigie Svilen."

Zdravko akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. Kabla hajapiga, simu ikaita yenyewe.

"Niko chini, mshikaji," Svilen akasema. "Lifti imekufa tena. Napanda na leva zako."

Zdravko aligeuka kuchukua bisibisi. Kompyuta ilikuwa imezimwa dakika kumi, labda na ushee. Bibi alikuwa ameshavaa sweta la pili na juu yake koti la marehemu babu, na ule mtungi wa maziwa ameuingiza ndani ya koti, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuwa analalamika. Alikuwa anajaribu tu kama itawezekana.

"Svilen," Zdravko akasema. "Usipande."

"Nini tena?"

"Tufanye Aprili."

"Aprili nitakupa mia, kaka. Si zaidi."

"Najua."

Akakibandua kibandiko, akakirudisha kwenye kadi. Kona moja ilikataa kushika, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikatulia. Akafunga kompyuta, akautoa mtungi mikononi mwa bibi, akauweka nyuma, mahali pake.

"Ile ya farasi?" akauliza.

"Ile ya farasi," bibi akasema, akifungua kifungo cha juu cha koti. "Na umpandishe mlimani. Huko moto unatoka zaidi."