Jina la Saba

Kengele ya tano ya kanisa ililia kabla ya chai ya alasiri. Ililia mara moja kwa sauti kamili, kisha mara ya pili kwa sauti iliyofifia, kama mtu anayejibu kutoka ng'ambo ya mashamba. Enid Odling alikuwa jikoni akikata mkate wa zabibu, na hakuinua uso. Mnara wa kanisa ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Zile ngozi wanazofunga kwenye ulimi wa kengele kila Novemba, wakati wa kuwakumbuka waliokufa vitani, ili pigo moja lilie na la pili liomboleze, zilikuwa bado kabatini.

Lakini pigo la pili lilichelewa kidogo. Katika kijiji chote cha Haltoft, mtu aliyechelewesha kamba namna ile alikuwa mmoja tu: mdogo wake, Wilf, aliyefia katika kambi ya mateka Ujerumani majira ya baridi ya mwisho ya vita.

"Kafika," Enid akasema, akatoa siagi.

Wilf alikuja kila Novemba kwa miguu. Aliondoka kambini wakati wa mavuno, na baharini alipita chini, ndiyo maana buti zake zilinuka mwani. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa kijana vilevile, na kovu lake la kidevuni.

"Dada, umenenepa."

"Na wewe mbavu hizo bado unazo. Vua buti, nimepiga deki."

Hakuvua. "Leo sikuja peke yangu," akasema.

Nje, kwenye lango, wanaume sita wenye makoti ya ngozi ya kurukia walikuwa wamepanga foleni. Enid aliwafahamu. Kiwanja chao cha ndege kilikuwa nyuma ya kanisa, na wakati wa vita walikula keki zake. Walikuwa saba kwenye ndege moja ya mabomu, na Wilf alikaa mkiani na bunduki zake. Usiku ule ilipotunguliwa, sita walianguka nayo. Wilf aliteremka kwa mwavuli kwenye shamba la kabichi, akakamatwa, na baadaye kifua kikamuua.

Kijiji kilipowachongea wenzake jiwe la kumbukumbu, majina yalikuwa sita. Kanali Thackray, mwenyekiti wa kamati, alieleza kwamba jiwe ni la walioanguka kutoka angani wakipigana. Wilf alifia kitandani.

"Ulikuwa ubao, Kanali," Enid alimwambia siku ile.

"Mtu akiulalia, ni kitanda," Kanali alijibu.

Rubani, Lorne, Mkanada mwenye masikio makubwa, alivua kofia. "Habari za jioni, mama. Tumeteremka."

"Mmeteremka kutoka wapi?"

"Kwenye jiwe."

Enid alitazama ng'ambo ya barabara. Jiwe lilikuwa tupu, laini kama sahani iliyooshwa.

"Haya," akasema. "Sukari mnaweka?"

Baada ya chai wakaenda wote kwenye ukumbi wa kanisa, ambako kamati ilikuwa ikijadili mashada ya maua. Kanali aliwaomba marehemu wasimame nyuma kwa sababu viti havikutosha. Lorne alisema maneno machache: waliruka saba, basi waandikwe saba, la sivyo wasiandikwe kabisa.

Kanali alimshukuru. Alisema hoja ni nzuri na imetolewa kwa adabu. Tatizo ni kwamba jiwe lilipimwa kwa majina sita, na la saba lingeharibu mpangilio. Kasisi akauliza kama jina haliwezi kwenda nyuma ya jiwe. Mtu akamkumbusha kwamba nyuma kunatazamana na choo.

"Basi tupige kura," akasema Enid.

Mikono michache ikainuka, wa Wilf ukiwemo.

"Wasio wakazi hawapigi kura," Kanali akasema kwa upole. "Kwa sasa unaishi wapi, kijana?"

"Kambini, bwana."

"Ndiyo hivyo."

Hoja ikaahirishwa. Kamati ikapitisha kwa kauli moja shukrani kwa marehemu kwa kuhudhuria, na mchonga mawe, Bwana Gadsby, akaagizwa ayachonge upya majina sita kabla ya ibada ya kumbukumbu ya Jumapili.

Aliyachonga. Jumapili, tarumbeta ilipolia, majina yakateremka tena moja baada ya jingine, yakajikung'uta vumbi mabegani, yakafuta buti kwenye majani na kuelekea mnarani. Kanali aliendelea kusoma mbele ya jiwe tupu, kwa kukariri, majina sita.

Mnarani kulikuwa na kamba sita. Enid, kiongozi wa wapiga kengele, aliwapa zote. Mwongoza njia wa ndege yao alikosa kamba, akabaki na mkate wa zabibu, na hakulalamika.

"Lorne! Hiyo ni kamba, si ng'ombe, usiivute hivyo!"

"Ndege ilikuwa rahisi kuliko hii, mama!"

"Ndiyo maana mliiangusha!"

Walicheka mpaka wakapotezana mapigo. Zilikuwa kengele mbaya kuliko zote zilizowahi kupigwa Haltoft, isipokuwa ya tano, iliyochelewa kidogo tu, kama kawaida yake. Watu walikwenda makwao wakisema mwaka huu upepo ni mkali.

Tangu hapo kamati humwita Gadsby kila Novemba kuchonga majina sita. Gadsby amenunua pikipiki.

Jioni ile ya Jumapili, Enid alimfunga Wilf skafu shingoni.

"Hawataliandika, dada."

"Najua."

"Huyu Kanali hafi?"

"Atakufaje? Anakunywa uji kila asubuhi."

Wilf akacheka. Wenzake walikuwa wakimngoja langoni ili wamsindikize mpaka ufukweni. Enid akamshika mkono, ambao ulikuwa baridi kama kawaida.

"Sikiliza, Wilf. Kamba ya tano haiguswi na mtu mpaka ufike. Na nikifa kabla jina lako halijaandikwa, nitakufuata huko huko kambini, turudi wote kwa miguu chini ya bahari, tuje tuwapigie kengele mpaka uji umpalie Kanali. Nakuahidi, mdogo wangu."