Maji ya Udhu

Siku ya tisa lori la maji halijafika Tarbaj, na Nurto anataka kumwaga maji chini! Ungekuwa wewe Mzee Salat, ungemwonaje?

Salat, kiongozi wa kamati ya ardhi, alikuwa amesimama na birika lake la udhu katikati ya machimbo ya zamani ya chokaa. Kando yake alikuwapo mkandarasi kutoka Nairobi aliyetaka kuchimba tena. Kwa ajili yake wote walisema Kiswahili, si Kisomali chao.

"Adeer, naomba hiyo birika," Nurto akasema, akimwita mzee 'ami' kwa lugha yao. "Hii udongo iko hai. Imelala na kiu. Ikikunywa maji, itageuka kijani."

Mkandarasi akacheka. Na kweli, udongo ule ulikuwa mweusi kama ukoko wa sufuria. Miaka mitatu nyuma, Nurto alikwangua gamba la udongo kama huo porini, akaliponda, akalinyunyiza machimboni kabla ya mvua, akazungushia miba. Likashika. Vumbi jeupe lililomziba kifua binti yake Lul likatulia, na mtoto akalala bila kukohoa. Malori ya chokaa yakirudi, kikohozi nacho kingerudi.

"Hii ni maji ya sala," Salat akasema.

"Najua, Adeer."

Mzee akamtazama mwanamke huyu mkaidi, kisha akampa birika. "Mwaga. Lakini ikibaki nyeusi, lori ya chokaa naingia leo."

Nurto akamimina yote. Gamba likanywa, likabaki jeusi vilevile. Mkandarasi akatazama saa. Nurto akajilaumu kwa kutobakiza hata funda moja, akamwomba Mungu kimoyomoyo. Dakika zikapita. Mkandarasi akageuka kwenda kuwaita vibarua.

"Ngoja," Salat akasema.

Kijani kilikuwa kinatokeza. Kwanza doa dogo, kisha kikaenea kila palipolowa. Nurto akalia bila kujificha.

"Kijani haijengi nyumba, mzee," mkandarasi akasema.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka mjini. Maji hayakuwapo tena, basi ilibidi atayamamu, ajitwaharishe kwa udongo. Mzee akachuchumaa, akainua viganja aipige ardhi, na viganja vikabaki hewani. Akasimama polepole, akaelekea nje ya ua wa miba kutafuta mchanga mtupu.

"Huyu hapana piga," akamwambia mkandarasi alipompita, akiuonyesha udongo ule. "Huyu nakunywa maji."