Kitanda Chekundu

Hashim aliiweka saa juu ya kioo cha kaunta ya duka lake mjini Lamu, akaifuta kwa ncha ya shati lake, na kabla Madi hajauliza bei akaanza kuisifu. Inahesabu hatua. Inahesabu mapigo ya moyo. Inajua umelala vipi. Watalii wa Shela wanakimbia nayo ufuoni kila asubuhi.

"Mimi sikimbii," Madi alisema. "Nataka la moyo tu."

"La moyo limo."

"Na ikisema moyo mzima, ni mzima?"

Hashim alikohoa. "Bwana Madi, mimi nauza simu na chaja. Saa itakwambia wadunda mara ngapi. Kuwa mzima ni habari nyingine. Hospitali si ile pale?"

Hospitali Madi alikuwa ameshaipita mara mbili asubuhi hiyo ya Jumatatu, mara ya pili kwa haraka zaidi. Alikuwa na miaka arubaini na tisa, na thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika maji ya Kizingitini akizamia kamba wa mawe. Hakutumia mtungi wa hewa. Alishuka kwa pumzi yake, miwani ya maji usoni, na mkononi kijiti chenye pweza hai nchani. Pweza akiingizwa pangoni, kamba hutoka mwenyewe kwa hofu, nawe unamdaka. Kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha kumwoa Mwanamkisi, na ndiyo iliyomsomesha binti yao Nusra mpaka akawa mwalimu.

Wiki tatu nyuma, mkono ukiwa ndani ya pango, moyo wake ulianza kwenda mbio wenyewe. Ukaruka, ukasita, ukaruka tena. Alipanda juu haoni kitu. Idris, mzamiaji mwenzake, alimshika kwapani akamtupa chomboni kama gunia. Tangu siku hiyo Madi hakuzama. Alisingizia sikio.

Sasa Nahodha Wazir alikuwa akipanga dago, siku kumi za kuvua na kulala visiwani upande wa Mkokoni. Safari moja ya dago humpa mzamiaji riziki ya miezi. Kila mtu alitakiwa atoe jibu kufikia Alhamisi jioni, na chombo kitoke Jumamosi. Daktari akiandika karatasi kwamba Madi asizame, karatasi hiyo ingefika Kizingitini kabla yake mwenyewe. Saa haina mdomo.

"Bei gani?"

"Elfu nne na mia tano. Lakini wewe nakujua. Ichukue ukaijaribu, Jumamosi niletee saa au pesa. Usiitie mai ya chumvi tu."

Madi aliivaa, akaikodolea macho. "Yakosea hii. Yasema kumi na moja. Sasa ni saa tano."

"Ni kumi na moja ya kizungu."

"Mimi mzungu? Niwekee saa zetu."

Hashim alicheka, akaiunganisha na simu ya Madi. Simu hiyo tangu inunuliwe ilisoma saa moja asubuhi jua likishatoka, kama ilivyosoma saa ya ukutani ya marehemu baba yake. Saa mpya ikafuata simu. Ikasema saa tano, na Madi akaridhika.

Kwenye boti ya Mtangawanda, akirudi nyumbani, aliitazama mara thelathini. Sabini na nane. Themanini na moja. Boti iliporuka wimbi, tisini na nne. Alivuta pumzi ili ishuke, ikapanda. Bi mmoja aliyeketi mbele yake alimwuliza kama ana mtu anayemngojea, maana hakosi kuangalia saa. Madi akajibu hana, akauficha mkono chini ya kikoi, na hapo hapo akauchungulia kando.

Nyumbani Mwanamkisi aliigusa kwa kidole kimoja. "Nilikutuma hospitali."

"Hii ni hospitali ya mkononi."

"Ina dawa?"

"Mwanamke, acha niijaribu."

Saa ile haikumpa raha. Akikaa, inamtikisa mkono asimame. Akisimama, inampa picha ya nyota, kana kwamba amefanya jambo. Msikitini ilitetemeka katikati ya sijda, na Bwana Abdulghafur aliyekuwa ubavuni mwake akamwuliza baada ya salamu kama sasa anaswalishwa na mashine. Watu walicheka. Madi naye alicheka, na alipokuwa akicheka akaitazama. Mia na mbili.

Siku ya Jumanne, baada ya asubuhi nzima ya kumsaidia Wazir pwani, anatoka kuswali adhuhuri, saa ilileta ukurasa mpya. Madi aliiacha shule darasa la nne na maneno ya kizungu hakuyajua, ila nambari anasoma na picha anaona. Juu palikuwa na jua. Chini yake mwezi, kisha kitanda, na kitanda kilikuwa chekundu. Pembeni ya kitanda, moyo mdogo na nambari: mia na kumi na nane.

Alisimama kwenye uchochoro, watu wakimpita kushoto na kulia. Mwezi ni usiku, na kitanda ni usingizi. Yaani moyo wake ukilala unakwenda mia na kumi na nane.

Jambo hilo halikumkaa sawa, kwa sababu usiku kabla ya kulala alikuwa ametazama na kukuta sitini na sita. Alilichambua akiwa njiani, akalichambua akila, mpaka wali ukapoa. Mwisho akapata maana yake mwenyewe: ukiwa macho unauzuia moyo, nao unakutii. Ukilala hakuna wa kuuzuia, unafanya utakavyo. Ndiyo maana watu wengine hulala wazima, na alfajiri nyumba ikaamka kwa kilio.

Basi hakutaka kulala tena. Akilala kidogo hushtuka, akishtuka hutazama. Alfajiri ikimkuta anachomoka kitandani kama aliyefunguliwa kamba, anarudi pwani kumsaidia Wazir kupakia vitu vya dago: madumu ya maji, magunia ya makaa, mchele, turubai. Alibeba kuliko vijana, apate kuchoka. Jumatano adhuhuri kitanda kikaja tena, chekundu, mia na ishirini na tatu. Alhamisi, mia na thelathini na moja.

Alhamisi hiyo hiyo, kabla ya alasiri, alimfuata Wazir alikokuwa akiziba chombo kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa.

"Mimi siji dago."

Wazir hakuinua kichwa. "Sikio bado?"

"Si sikio. Ni moyo. Saa imesema."

"Saa!" Wazir alilitupa bonge la pamba. "Watu wote, ndooni mumsikize Madi! Amekatazwa na saa. Kesho atakatazwa na sufuria."

"Cheka. Siji."

"Idris alinambia ulipotoka mle majini ulikuwa mweupe kama karatasi. Nikanyamaza, nikasema mtu mzima atasema mwenyewe. Wiki tatu waniimbia sikio!" Alikuwa na hasira sasa, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Haya. Namchukua Hamdun."

Hamdun ni mpwa wa Wazir, kijana wa miaka ishirini na minne aliyeoa mwaka huu. Madi alirudi nyumbani akijua kwamba mahali pa mtu chomboni hapakai wazi. Akienda Hamdun dago hili, ataenda na lijalo.

Ijumaa jioni Nusra alifika kutoka Faza, anakofundisha. Hata baibui hajalivua, mama yake alimwita jikoni wakanong'ona, kisha akatoka amenyoosha mkono. "Baba, nipe hiyo saa. Na simu."

Alibofya, akasoma, akakunja uso. Halafu akaanza kucheka, akajizuia, akacheka tena.

"Wacheka nini? Babako anakufa usingizini."

"Baba, huu ukurasa wa kitanda hukujia saa ngapi?"

"Saa sita. Nikitoka adhuhuri."

"Na hili jua hapa juu?"

"Si jua la mchana hilo?"

"Hilo ni jua linalochomoza. Inakusabahi. Kwake yeye saa sita ni asubuhi, ndiyo kwanza umeamka." Nusra alikaa kwenye mkeka karibu naye. "Saa hii imetengenezwa na watu wa saa za kizungu. Wewe umeitia saa zetu, basi usiku wake umehama. Inaanza kukuhesabia usingizi karibu na alfajiri na inamaliza adhuhuri. Wakati huo wewe wafanya nini?"

Madi alifikiri. "Nabeba madumu."

"Basi huo ndio moyo wako wa usingizini. Moyo wa mtu aliyebeba madumu."

Mwanamkisi, mlangoni, alijifunika mdomo kwa ncha ya leso. Mabega yake yakawa yakitikisika.

"Na nikilala kweli?"

Nusra alitafuta. "Hamsini na nane. Sitini. Kila usingizi ulipokuchukua. Ukilala, Baba, umelala. Shida yako hulali."

Madi aliinuka. Hii ndiyo habari aliyokuwa akiitaka tangu Jumatatu. Kwa Wazir ni mwendo wa dakika tano, na Hamdun angeambiwa arudi kwao, hajatia hata miwani mfukoni. Alivaa viatu. Alivua. Alikwenda mlangoni, akarudi akanywa maji, akaenda tena. Miguu haikutaka kuvuka kizingiti, naye hakujua kwa nini. Akakasirika nayo kama punda aliyegoma.

"Baba," Nusra aliita, na sauti haikuwa ya kucheka tena. "Juzi, Jumatano, saa kumi alasiri. Ulikuwa wabeba kitu?"

"Kwa nini?"

"Mia na sabini na mbili. Dakika kumi na moja nzima, kisha ikashuka ghafla. Hii haina cha asubuhi wala jioni. Ulikuwa ukifanya nini?"

Madi hakuwa na haja ya kukumbuka. Alikuwa ameketi barazani, peke yake, akipunga upepo. Moyo ukaruka vilevile kama kule pangoni, na kwa muda huo wote, yeye aliyekuwa akiitazama saa kila dakika, hakuitazama hata mara moja. Alishika ukuta akasoma aya alizoweza kuzikumbuka. Ulipotulia, akaingia ndani akaomba chai.

"Nilikuwa nimeketi," alisema.

Mwanamkisi aliingia chumbani, na wakasikia sanduku la nguo likifunguliwa. "Kesho Lamu," alisema huko huko ndani. "Nakwenda nawe. Ukiipita hospitali, nitakuita kwa jina lako mbele za watu, uone aibu."

Jumamosi asubuhi pikipiki mbili za kwenda Mtangawanda kwenye boti zilikuwa zikingoja juu barabarani. Madi alisema anateremka pwani mara moja. Chombo cha Wazir kilikuwa kimeshaelea, watu wako majini hadi mapajani wakipandisha vitu vya mwisho. Habari zilikuwa zimetangulia. Zilipitia kwa mke wa Idris.

"Ewe wa saa!" Idris alipaza sauti. "Nasikia ulikuwa walala mchana!"

"Nalala kuliko wewe."

Wazir alimjia, maji yanamtiririka. Alisema taratibu, wengine wasisikie: "Nimeambiwa saa ilikosea. Mahali pako nakupa. Hamdun atakaa juu ashike chombo. Panda."

Madi alimtazama Hamdun, amesimama nyuma ya chombo, miwani mpya ya maji shingoni, anajifanya hasikii.

"Ilikosea la usiku," Madi alisema. "La mchana haikukosea. Nikifia chini, wewe ndiwe utakayenitafuta. Siji."

Wazir alimgusa bega, akageuka kuwakemea watu kuhusu turubai.

"Sasa saa yenyewe waionaje?" Idris aliuliza. "Ninunue?"

"Yahesabu hatua. Wewe wenda wapi hata uhesabu hatua? Kizingitini yote waimaliza kabla hujatokwa na jasho. Namrudishia Hashim yeo hii nikifika Lamu. Siku tano nimeitazama, na siku tano sikuwahi kukaa."

Pikipiki zilipiga honi. Madi aliingia majini na viatu vyake vya safari ya Lamu, akaenda mpaka nyuma ya chombo, akamvuta Hamdun ainame.

"Pale kwenye mwamba wa pili, kaskazini ya kambi ya dago," alisema, "kuna jiwe kama mgongo wa ngamia. Watu hulizunguka upande wa jua, hawaoni kitu. Wewe shuka upande wa giza. Kuna tundu chini kabisa, lazima ulale ubavu. Nimetoa kamba humo kwa miaka kumi na tisa. Hata Idris halijui."

Hamdun aliinama zaidi.

"Tia pweza kwa mkono wa kushoto. Kulia akaa samaki mkunga, mkubwa, ameshanila kidole." Alimwonyesha. "Na usikae chini uone raha. Ukishika wawili, panda. Umesikia?"

"Nimesikia, ami."

"Sema tena."

Hamdun alisema tena, yote, jiwe na giza na ubavu na mkono wa kushoto. Madi alimsahihisha mahali pamoja, akamrudisha mwanzo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakisukuma chombo kwa viganja viwili, akapanda barabarani, maji yakifoka viatuni, kwa Mwanamkisi aliyekuwa ameshapanda pikipiki.