Mgeni wa Kahawa ya Chumvi

Kijiji chetu cha Dallak watu hugombana hata juu ya jogoo wa nani kawika kwanza. Lakini mwaka huu tulikubaliana jambo moja: yule mtu wa kampuni ya mgodi asipewe maji. Nyumba yoyote. Hata tone.

Kwetu sisi Wakalinga, watu wa milimani, mgeni akishakunywa kitu mkononi mwako ni wako. Akiguswa, umeguswa wewe. Damu yake ikimwagika ndani ya mipaka ya kijiji, wewe na ukoo wako ndio wa kulipiza, mpaka wajukuu. Ulinzi huo hauishi hadi avuke mpaka kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu usiyemtaka humtukani wala humpigi. Unamwacha na kiu yake, naye njia ya kurudi anaijua.

Mtu mwenyewe aliitwa Crisanto, mtu wa bondeni, afisa uhusiano. Siku tatu alipita mlango kwa mlango akisifia watoto, akisifia nguruwe, midomo imemkauka kama ganda la muhogo. Kampuni ilisema mlima wetu una shaba. Sisi tulijua una chemchemi inayonywesha matuta yetu yote ya mpunga, na hilo lilitutosha.

Siku ya nne akafika kwangu. Basi Mungu alinipunguzia meno akaniongezea utundu. Nikasema moyoni, kumnyima kila mtu kamnyima, mimi ngoja nicheke. Nikamtilia kahawa kikombe kizima, na badala ya sukari nikatia vijiko vitatu vya chumvi. Nikakaa kusubiri ateme.

Hakutema. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, machozi yanamlengalenga.

"Tamu, Ina," akasema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu. "Ipo nyingine?"

Mchana kijiji kizima kilikuwa uani kwangu. Mdogo wangu Gammay alijishika kiuno.

"Umempa?"

"Nimempa chumvi."

"Chumvi umeichanganya na nini, mchanga?"

Mzee Sagmayao, mume wake, ndiye mshika mkataba wetu wa amani. Neno la mila likileta ubishi, yeye ndiye hulikata. Alionja masalio ya kikombe, akakunja uso mzima.

"Hii ni kahawa," akasema. "Mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa, lakini kahawa. Tena ina chumvi, na chumvi ndiyo tunayopelekeana na vijiji tulivyopatana navyo. Hata maji matupu yangetosha. Shemeji, huyu umemfunga kwa kamba mbili."

Crisanto alikuwa amekaa kwenye benchi langu, mpole kama bwana harusi. Alijua. Kampuni ilikuwa imemfundisha. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba siku zote nne chupa yake ya maji aliiacha garini makusudi.

Akahamia kwangu. Nikampikia majani machungu yasiyolika. Akasema ni dawa ya shinikizo la damu. Nikamlaza juu ya zizi la nguruwe wanaokoroma; akasema kwao kuna magari. Siku ya tatu nikampa jembe, kama wasemavyo. Akalima viazi vyangu tuta zima, na mwenzake akaja na kamera. Nasikia picha ile imetundikwa ofisini kwao mjini: mimi na mgeni wangu, jembe katikati, tumecheka. Kweli nilicheka. Alikuwa amekata viazi vyote.

Kila asubuhi nilimwambia, "Twende nikusindikize mpakani, mwanangu."

"Kesho, Ina. Bado sijakushiba."

Sikuweza kumwacha peke yake, kwa maana vijana walikuwa wananoa mikuki wakimtazama. Wanawake walipokutana kupanga namna ya kuzuia barabara, nikifika mimi, yeye yuko nyuma yangu amenibebea kikapu. Wote wananyamaza. Gammay ananitazama kama anayetazama nyati aliyeingia mpungani.

Jumanne katapila likaja.

Lilivuka kijito ambacho ndicho mpaka wetu, na Crisanto akaenda kusimama mbele yake. Alipo mgeni ndipo nilipo mimi. Hatua kumi mbele yetu walikuwa wanawake thelathini, wamejipanga njia nzima, wote nimepanda nao mpunga, wote nimewasengenya. Nyuma yao ilikuwa chemchemi. Juu ya ukingo, vijana na mikuki, na wa kwanza kabisa alikuwa Dongail, mtoto wa Gammay.

"Dada, njoo huku," Gammay akaita.

"Siwezi."

"Kwa ajili ya kikombe cha kahawa?"

"Nikiondoka hapa Dongail atamchoma. Unamjua mwanao."

"Namjua. Ndiyo maana nakwambia njoo."

"Akimchoma, wa kulipiza ni mimi! Nimlipize nani, Gammay? Mtoto niliyempokea kwa mikono hii siku uliyomzaa?"

Dongail naye akatazama pembeni, lakini mkuki hakuushusha.

Dereva akapiga honi. Crisanto akaniinamia sikioni. "Twende polepole tu, Ina. Watapisha."

Tukasogea hatua moja. Wanawake wakarudi nyuma hatua moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumsukuma bibi wa miaka sabini na nane. Tukasogea ya pili, wakarudi ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kampuni haikuja kutafuta urafiki wangu. Ilikuja kutafuta kifua changu cha kutangulia mbele ya katapila.

Hatua ya sita, nikatazama matope miguuni pangu. Nikawaza: mila inasema mgeni alindwe. Haijasema alindwe kwa kusimama.

Nikakaa. Hapo hapo matopeni, mgongo kwenye chuma cha katapila.

"Ina, inuka."

"Magoti."

"Basi nikubebe."

"Nibebe," nikasema. "Muulize kwanza Mzee Sagmayao."

Mzee alijikuna kidevu. "Mgeni kumwinua mwenyeji wake kwa nguvu? Sijawahi kuliona hilo. Ila ukilifanya, mwanangu, kahawa ile imekwisha, nawe hapa huna mtu."

Crisanto akatazama mikuki. Akairudisha mikono mfukoni.

Leo ni siku ya tano. Kijito kiko hatua chache nyuma yake. Akivuka, mimi niko huru. Havuki. Bosi wake anampigia simu kutwa. Mimi siondoki, katapila haliendi, na wanawake wamekaa mbele yetu. Gammay huniletea wali, anauweka katikati ya njia, kisha anarudi kwake. Tangu Jumanne hajanisemesha.

Leo asubuhi nimesikia nyundo kule juu mlimani. Watu wanapigilia vigingi.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza mgeni wangu.

Akautazama mlima. "Njia nyingine, Ina. Inapita kwa nyuma."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi minne."

Mvua ikaanza. Akafungua mwavuli akanishikia, yeye mwenyewe akilowa. Nikahesabu miezi minne, nikawatazama wanawake thelathini, nikautazama ule wali uliokuwa unalowa katikati ya njia.

"Sogeza mwavuli," nikamwambia. "Funika wali wa mdogo wangu."