Mdomo wa Yannick Gnägi

Yannick Gnägi alikuwa amechoka kusifiwa mdomo. Angesifiwa hata kipara chake angeshukuru, lakini mdomo! Mtu ni kiungo wa kulipwa, anaukimbia uwanja mzima tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, magoti yanamlia kama bawaba za mlango wa zizi, halafu Jumanne baada ya mazoezi kocha Tschannen anamshika bega na kumwambia, "Yannick, bila mdomo wako sisi hatuna timu."

"Na pasi zangu, kocha?"

"Pasi?" Kocha akakuna kidevu. "Pasi ziko sawa tu. Ila ongea zaidi. Kwenye ile kona ya juzi ulinyamaza."

"Nilikuwa nimepigwa kiwiko cha koo!"

"Basi ungepiga mluzi."

Hebu niambieni, mtu kama huyo umjibu nini? Yannick alichukua mkoba wake akaondoka, amefura, hata mlinzi wa geti hakumuaga.

Biel ni mji wa Uswisi wenye lugha mbili, na Étoile Seeland, timu ya Yannick, ilikuwa klabu ya Biel kwelikweli. Mabeki wote walikuwa watu wa upande wa Bern, na Kijerumani chao cha nyumbani. Washambuliaji wote walikuwa watu wa Jura, na Kifaransa chao. Kijerumani walichofundishwa hao washambuliaji shuleni kilikuwa cha vitabuni, ambacho mabeki hawakisemi hata wakiota. Katikati yao alisimama Yannick, mama yake mtu wa Jura, baba yake mkulima wa vitunguu wa Seeland. Tangu alipoingia timu ile akiwa na miaka ishirini na miwili, kazi yake ilikuwa kupokea kelele za nyuma kwa lugha moja na kuzipeleka mbele kwa lugha nyingine. Mpira nao ukipita hapo katikati, bahati yake.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Kocha alisema ataamua baada ya mechi ya Jumamosi. Yannick aliutaka mwaka mmoja zaidi, tena aupate kwa ajili ya miguu yake. Hakutaka zaidi ya hapo. Mkalimani asiyejua kupiga mpira wangeweza kumpata mahakamani.

"Jumamosi sisemi neno," alimwambia mkewe jikoni.

Mirjam alikuwa anakwaruza viazi. Alicheka mpaka akajikwaruza kidole. "Wewe? Wewe unayebishana na redio?"

"Nitafyata mdomo. Wajue kama nina miguu au sina."

"Na mkifungwa?"

"Tukifungwa nitajua miaka yote nilikuwa mkalimani tu. Heri nijue."

Mirjam alikitia kidole mdomoni, akamtazama. "Haya. Ila usije ukaninunia mimi wiki nzima."

Jumamosi ikafika na mvua yake. Yannick aliingia uwanjani kimya kama bubu. Mwanzoni hakuna aliyegundua, maana wageni waliuchezea mpira upande wao. Kisha wageni wakapata kona. Loïc Froidevaux, straika, alirudi nyuma kusaidia kukaba, na mpira ukadondoka katikati yake na Kaspar Aeberhard, beki mkubwa kama kabati.

"La!" akapiga kelele Kaspar.

Sasa mnielewe hapa. Kwa Kaspar na watu wa kwao, la maana yake acha, niachie mimi. Kwa Loïc na watu wa kwao, neno hilohilo maana yake hapa, nipe hapa. Kwetu sisi la ni hapana, na siku ile ndiyo maana iliyofaa kuliko zote. Loïc akampa. Alimpa kwa nguvu na kwa moyo mweupe, Kaspar akiwa ameshauinua mguu kuupiga mpira pale ulipokuwa, si pale ulipokuja. Ukamgonga goti, ukaingia wavuni mwao wenyewe.

Yannick alikuwa hatua chache tu pembeni. Aliliona jambo lile likija tangu mbali, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, akaufunga. Iliuma, sitawadanganya. Iliuma kuliko kile kiwiko cha koo.

"Nimesema la!" Kaspar alinguruma kwa Kijerumani chake.

"Si ndiyo nimekupa!" Loïc akajibu kwa Kifaransa chake.

Kutoka benchi, kocha Tschannen alikuwa ameshika kichwa. "Yannick! Ongea, mtu wangu! Umekatwa ulimi?"

Yannick akatazama mawingu.

Mapumziko wakaingia chumbani wakiwa nyuma kwa goli moja. Kaspar na Loïc wakamvamia kila mmoja na upande wake.

"Mwambie huyu punda asiguse mpira wangu!"

"Mwambie na yeye, mpira si wa baba yake!"

Yannick akamimina chai. Akamwonyesha Kaspar kwa kidole, akamwonyesha Loïc, kama kusema haya, ambianeni wenyewe. Wakatazamana wale wawili kama majogoo. Kisha Loïc akasema kitu kwa Kiingereza. Kiingereza cha michezo ya kompyuta, kibovu hivyohivyo, lakini Kaspar akakielewa, akajibu. Loïc akacheka. Kaspar akachora kona mezani kwa chai iliyomwagika, wakapatana nani aache na nani achukue, ndani ya dakika moja.

Kikombe kilibaki hewani mkononi mwa Yannick. "Mnajua Kiingereza?" aliuliza, tena kwa mazoea akauliza kwa lugha zote mbili.

"Nani asiyejua?" alisema Loïc.

"Sasa miaka yote hii mbona hamkusema?"

Loïc aliinua mabega. "Si ulikuwepo wewe? Tulidhani unapenda."

Tulidhani unapenda! Jamani! Koo lilimkauka kila baada ya mechi, mkewe alimkandia shingo kwa dawa ya baridi, na watu walidhani anapenda. Alikiweka kikombe chini polepole, maana kama si hivyo angekirusha.

Kipindi cha pili alitoka na hasira zake, na hakuna aliyemhitaji kusema. Nyuma yake watu walielewana, mbele yake walielewana. Na Yannick akagundua jambo la ajabu: pumzi ilikuwa tele. Macho yalikuwa yake. Hakugeuza shingo kumsikiliza huyu, hakugeuza shingo kumwelekeza yule. Aliiona nafasi kabla haijafunguka, akapenyeza mpira katikati ya mabeki wawili, Loïc akasawazisha. Kisha akamnyang'anya mtu mpira, akampiga chenga mwingine, akatoa pasi ndefu iliyotua mguuni mwa winga kama imewekwa kwa mkono. Goli la pili. Uwanja mzima ulisimama, hata wazee wa jukwaa la magharibi ambao huwa hawasimami mpaka waitwe nyumbani kula.

Baada ya mechi kocha Tschannen alikuwa kwenye kibanda cha soseji, mkate mkono huu, soseji mkono huu.

"Yannick! Hebu njoo. Mpira huu ulikuwa umeuficha wapi?"

"Sijauficha, kocha."

"Miaka yote nakutazama. Kichwa nyuma, kichwa mbele, unapiga domo tu. Leo ndiyo mara ya kwanza kukuona unacheza. Ungenyamaza ukiwa kijana, saa hizi tungekuwa tunakutazama kwenye televisheni, unachezea timu kubwa ya Ujerumani."

Damu ilimpanda Yannick usoni. "Ni wewe uliyeniambia niongee! Kila siku ya Mungu! Ongea Yannick, ongea Yannick!"

Kocha alitafuna, akameza. "Kweli," alisema. "Na wewe ukanisikiliza." Akajifuta vidole kwa karatasi. "Mwaka mmoja umepata. Jumatatu nitamwambia mwenyekiti. Tena ni kwa miguu yako, usije ukaanza tena kelele."

Mirjam alikuwa anamsubiri kwenye gari, mvua inapiga kioo. Yannick alikaa, akafunga mlango, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Amekunyima?"

"Amenipa."

"Kwa ajili ya mdomo?"

"Kwa ajili ya miguu."

"Ndicho ulichokitaka! Sasa unalia nini, Yannick?"

Alijifuta uso kwa mkono wa jezi, akashindwa, akajifuta tena.

"Nilikuwa mzuri, Mirjam," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa mchezaji mzuri kweli. Hata mimi sikujua."